Ukitaka Kufuta, Kubali Kwanza

Nassibu alikuja zahanati wakati wa kupima watoto uzito, akasimama mlangoni na kompyuta yake ndani ya kiroba cha sukari, akasubiri nimtazame. Nilimwona ila sikumtazama. Nilikuwa na mtoto anayelia kwenye mizani na mama yake anayelia kwenye benchi, na Nassibu akiwa na habari njema huwa anapiga simu. Akifunga safari kutoka Kibiti kwa pikipiki, masika hii, na tope lile jeusi, ujue kuna jambo.

"Sista," akasema nilipomaliza, "imekula kwetu. Dungu wanaifunga."

Nikamwambia akae chini kwanza. Nilikuwa nimechoka tangu asubuhi, na uchovu wangu hauna subira na watu waliosimama.

Naitwa Marsela. Ni muuguzi, mtu wa Mbinga, na nimekaa kwenye bonde hili la Rufiji muda wa kutosha kuitikia salamu za Kindengereko bila kujua nimeitikia nini. Mwanamke nitakayemtaja hapa nitamwita Habiba. Si jina lake. Langu nimeliacha kama lilivyo.

Watu wa huku hawakai nyumbani mwaka mzima. Mvua zikianza, wanahamia bondeni kwenye mpunga. Kila familia ina dungu lake, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ili maji yakijaa yapite chini, na humo wanalala, wanapika na kuamia ndege wasile mpunga, mpaka mavuno. Kijijini wanabaki wazee na mbuzi. Sasa wewe una mama mwenye mimba kubwa, kadi yake inasema anaishi kitongoji fulani, unakwenda unakuta mlango umefungwa kwa kamba. Yuko bondeni. Bondeni wapi? Unauliza wazee, wanakuonyesha kwa kidevu upande wa mto, na upande wa mto ni kila upande.

Nassibu ndiye aliyenitengenezea dawa ya tatizo hilo. Ni kijana wa Kibiti, alisomea kompyuta Dar es Salaam, akarudi kufungua duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na stendi. Nilikwenda kwake kutoa kopi za kadi, nikaropoka shida zangu, akanisikiliza kuliko nilivyotarajia. Alinitengenezea programu bila kuandika hata mstari mmoja wa ile lugha yao ya kompyuta. Kuna kampuni ya ng'ambo ina mtambo wake, unapanga vipande tu, hiki juu ya kile, na programu yako inasimama. Kwa watu wadogo kama sisi ilikuwa bure. Tukaiita Dungu. Nikigusa jina la mama kwenye kishikwambi naona dungu lake liko wapi, mimba ina umri gani, sindano yake ni lini, na namba ya simu ya somo wake.

Hapo kwenye somo ndipo nilipokuwa najivunia. Huku ukitaka kumharibia mwanamke mambo yake, mtafute kupitia mumewe. Simu ni ya mume hata kama mke ndiye aliyeuza kuku akainunua. Lakini kila mwanamke ana somo, yule mama aliyemfunda alipovunja ungo, na mambo ya mwili wake hupitia kwa somo maisha yake yote. Kwa hiyo Dungu ilimwandikia somo ujumbe mmoja, kila mara uleule: Muuguzi anakuomba upite zahanati. Hakuna jina la mgonjwa wala la dawa. Somo akija namweleza, naye anavuka maji kwenda kumleta mtu wake. Ujumbe ule nilimtungia Nassibu mimi mwenyewe, na niliupenda kuliko cheti changu cha chuo.

Siku ya kwanza nilimuuliza mambo yote haya yanakaa wapi. Akasema yanakaa kwenye wingu. Mimi Mkatoliki, nikaona ni mahali pazuri.

Chini ya kila jina kulikuwa na nafasi imeandikwa "mengineyo", na mengineyo niliyajaza. Nani asipewe vidonge mbele ya mama mkwe. Nani alipoteza mimba akasema ni malaria. Nani mumewe hajui. Yalikuwa mambo ambayo zamani nilikuwa nayaweka kichwani, na kichwa changu kimejaa.

Basi Nassibu alifungua kompyuta juu ya meza ya chanjo akanieleza. Ile kampuni imenunuliwa na kampuni nyingine. Wakubwa wapya wamefunga milango ya wale wa bure. Kila anapoingia anakutana na ukuta wenye Kiingereza kirefu na kitufe kimoja cha kijani. Anayetaka aendelee kama zamani alipe, na malipo yale hata hospitali yenye ghorofa ingefikiria mara mbili. Asiye na hela akubali mpango wa ushirika, hapo ataendelea bure, ila kumbukumbu zake zitatumiwa na washirika wa kampuni, na ujumbe unaokwenda kwa watu "utaboreshwa".

"Utaboreshwa vipi?" nikauliza.

Alikuwa amefungua akaunti nyingine akajaribu kwa majina ya uongo ili aone. Ujumbe wangu wa somo haupo tena. Mtambo wao unachukua kila kilichoandikwa kwenye ukurasa wa mtu, jina na dawa na tarehe, unatunga barua ya furaha, unaituma kwa kila namba iliyopo kwenye ukurasa huo. Na namba ya mume tulikuwa tumeiweka, kwa ajili ya dharura ya kujifungua. Dungu haikuwahi kuigusa. Mtambo wao haujui dharura ni nini, unachoona ni namba tu.

Nikasema tuchukue vitu vyetu tuondoke. Nassibu akacheka kwa pua. Alikuwa ameshajaribu. Programu yenyewe haitoki, imezaliwa mle na itafia mle. Kumbukumbu ukiziomba wanakutumia vipande vipande, majina bila madungu, namba bila wenyewe, fujo tupu. Huku kwetu mtu anaweza kuwa na mikorosho yake kwenye ardhi ya mwenzake, na kila mtu anaelewa nani mwenye mti na nani mwenye udongo. Lakini mwenye mikorosho anaruhusiwa kuchuma. Hawa walikuwa wamezungushia fensi mpaka korosho zangu.

"Basi futa," nikamwambia. "Futa kila kitu. Nitaanza upya na kadi."

Akageuza kompyuta nione mwenyewe. Ili ufute lazima uingie. Ili uingie lazima ubonyeze kitufe cha kijani, na ukishabonyeza, kumbukumbu zote na barua za mwezi zinakuwa mikononi mwao kabla hujafuta hata jina moja. Na kwa asiyefanya lolote, mwezi ukiisha, kimya chake kitahesabiwa kuwa amekubali. Nassibu alikuwa amewaandikia kwa adabu zote, akajibiwa na mashine iliyomshukuru kwa kuwa mteja wa thamani.

Nilikaa pale nikatazama kitufe kile. Sitawadanganya, nilitamani kukibonyeza. Nilikuwa na akina mama waliokaribia kujifungua wametawanyika bonde zima, na ramani yao ilikuwa nyuma ya ukuta ule. Mkono ulikuwa mwepesi. Nikauliza tu, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, mwezi mpya ukianza ujumbe wa kwanza kutoka utakuwa wa nani. Nassibu alikuwa na karatasi aliyochapa kabla mambo hayajafungwa, akapitisha kidole. Tarehe mosi ilikuwa na sindano moja tu. Habiba.

Uzazi wake wa mwisho nilimzalisha mimi, na kidogo tumpoteze. Hospitalini walimwambia apumzike, mwili wake hauwezi tena karibuni. Saidy, mumewe, ni mtu mwema, lakini ana mama, na mama yake ana hamu ya wajukuu kama njaa. Habiba akachagua sindano ya uzazi wa mpango, na akachagua asijue mtu isipokuwa somo wake, Bi Mwanajuma, na mimi. Kadi yake haikuwahi kutoka zahanati. Kwenye mengineyo niliandika: mume hajui, mkwe asijue kabisa.

Nikamwambia Nassibu asibonyeze kitu. Akasema hata tusipobonyeza, tarehe ikifika ni yaleyale. Nikamwambia najua, lakini siwezi kuwa mimi niliyebonyeza.

Kesho yake nilimfuata Bi Mwanajuma nyumbani kwake. Ni mama wa makamo, mkali, mwenye ulimi wa kuchekesha watu msibani. Alikuwa anachambua mchele, na nilipokuwa naeleza hakuinua macho kwenye ungo. Nilipofika kwenye mashine inayoandika barua, akaniuliza mashine hiyo imefundwa na nani. Nikasema sijui. Akasema ndiyo maana. Kisha akafunga khanga yake vizuri tukaondoka.

Tulivuka kwa mtumbwi mahali maji yalipokuwa bado hayajashuka, kisha tukatembea juu ya matuta, mpunga umetufika kiunoni, unaanza kubadilika rangi. Habiba alikuwa juu ya dungu na kombeo mkononi, anaamia. Kamba zenye makopo zilitoka kwenye dungu kwenda kila upande, akivuta moja shamba zima linagonga. Alipotuona wawili pamoja akaacha kuvuta. Somo na muuguzi hawaji pamoja kwa heri.

Nilimweleza pale juu, tumekaa kwenye mkeka, mtoto wake amelala pembeni. Nilieleza vibaya. Nilisema kampuni, nikasema mfumo, nikasema masharti, na kila neno lilipotoka nililiona halina sura. Yeye alikuwa ananitazama mdomo. Alinisubiri nimalize.

"Sista," akasema, "mie siri yangu nilimpa somo. Somo akakupa weye. Weye ulimpa nani?"

Nilimpa kampuni ambayo siijui mlango wake unatazama wapi, na ile ikamuuzia nyingine ambayo hata jina lake sijui kulitamka. Nikasema nisamehe. Akasema si neno, na alivyolisema nilijua ni neno.

Bi Mwanajuma akaanza kutafuta njia. Simu ya Saidy ipotee. Simu ya Saidy itumbukie majini, watu wangapi simu zao zimetumbukia majini. Habiba akatikisa kichwa. Saidy atakopa nyingine kesho yake, na laini ni ileile. Akavuta kamba moja, makopo yakagonga, ndege wakainuka wakatua mbele kidogo. Kisha akasema atamwambia mwenyewe, leo, sisi tukiwepo. Kama lazima ajue, basi alisikie kwenye mdomo wa mkewe. Nilitaka kumwambia asifanye haraka, nikakumbuka kwamba haraka hiyo sikuwa nimemwachia nafasi ya kuikataa.

Saidy alirudi na mzigo wa kuni, akafurahi kuona wageni, akaniita shemeji, akauliza kama nimekuja kumsaidia kuamia. Mimi nikashuka nikakaa kwenye ngazi. Sikusikia yote, na niliyosikia mengi si yangu kuyaeleza. Habiba alizungumza taratibu. Bi Mwanajuma aliingilia mara moja tu, kumkumbusha mwanamume yule siku ile mkewe alivyotolewa humu kwa machela. Kisha ndege wakala mpunga na hakuna aliyevuta kamba.

Saidy alishuka, akasimama karibu yangu. Hakuwa na hasira niliyoiogopa. Alikuwa na sura ya mtu aliyerudi kwake akakuta wageni wameshakula.

"Nani mwingine anajua?" akaniuliza.

Nikasema somo anajua, mimi najua, Nassibu wa Kibiti ameona.

"Na hao wenye mashine?"

Nikasema na hao.

"Kwa hiyo mpaka watu wa ng'ambo wamejua mambo ya nyumba yangu," akasema, "mie ndiye wa mwisho." Akaokota kombeo la mkewe, akaingia shambani. Alikaa huko mpaka tunaondoka, akirusha mawe kwa ndege ambao hawakuwepo upande huo.

Tulirudi tukavuka maji. Bi Mwanajuma alipopanda ukingo akanishukuru kwa kuwafuata. Ilikuwa shukrani ya kweli, na nadhani ndiyo iliyoniumiza kuliko yote ya siku ile. Nilijipa moyo kwamba angalau ubaya wenyewe tumeukata makali, barua ikija itamkuta mwanamume anajua.

Tulisahau kitu ambacho hakuna mtu wa huku angepaswa kukisahau. Masika dunguni hakuna umeme. Simu za madungu yote hukusanywa kwenye mfuko mmoja, kijana mmoja anazibeba mpaka dukani kijijini kwenye sola, zinapangwa kwenye ubao, zinachaji kutwa nzima mbele ya kila anayekuja kununua chumvi. Ndivyo tunavyofanya kila mwaka. Nami ningeweza kuwaeleza hilo nikiwa usingizini.

Tarehe mosi asubuhi Dungu ilifunguka yenyewe kwenye kishikwambi changu, safi, majina yote mahali pake, na juu yake maneno ya kunishukuru kwa kukubali. Nikampigia Nassibu. Alikuwa ameshaingia anafuta. Alifuta kila mtu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mtambo umemjibu kuwa kumbukumbu zitahifadhiwa kwa muda kwa ajili ya usalama. Usalama wa nani hawakusema. Barua za asubuhi zilikuwa zimeshatoka.

Ya Habiba ilifika kwa Saidy simu ikiwa kwenye ubao. Ikawaka. Nimeiona baadaye, kwa Kiswahili cha mtu ambaye hajawahi kuwa na jirani: Hujambo HABIBA, tarehe yako ya sindano ya kuzuia mimba imewadia, furahia punguzo la nepi kutoka kwa washirika wetu. Nepi, kwa mtu anayezuia mimba. Mwenye duka aliisoma kwa sauti akidhani ni bahati nasibu. Mpaka adhuhuri mama mkwe alikuwa nayo, na mpaka alasiri alikuwa njiani kwenda bondeni, kwa miguu, na magonjwa yake yote.

Saidy alimjibu mama yake kwamba jambo hilo analijua na amelikubali. Sijui kama ni kweli alikuwa amelikubali. Lakini alilisema mbele ya watu, na huko bondeni watu walimsikia. Mama yake hakubishana. Akapanda dunguni, akakaa, na hajaondoka mpaka leo. Habiba akitoka, anauliza anakwenda wapi. Akirudi, anamtazama tumbo.

Sindano ile hakuja kuichoma kwangu. Nilisubiri kutwa, nikasubiri na kesho yake. Wengine nao wakaanza kupungua. Waliokuja walikuwa wanatazama mkono wangu wenye kalamu. Zamda, mke wa fundi baiskeli, aliniambia nimpe dawa lakini nisiandike. Nikamwambia nisipoandika nitasahau. Akasema basi sahau. Nilirudi kwenye kadi za karatasi, na nyingi hazina kitu zaidi ya jina, na baadhi ya majina najua si yenyewe. Masika hii nimewatafuta akina mama kwa miguu. Mmoja nilimkuta ameshajifungua peke yake, salama, nashukuru Mungu, lakini nilifika nikakuta kitovu kimekatwa kwa wembe wa kunyolea.

Jana Bi Mwanajuma alipita zahanati. Hakuitwa na ujumbe, alikuja mwenyewe. Tulikuwa hatujaonana tangu siku ile ya bondeni. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi la wagonjwa akajipepea na ncha ya khanga, akalalamikia jua, akalalamikia bei ya ufuta, akamsema yule mama mkwe aliyehamia dunguni kama mlinzi. Nikajua anatafuta pa kuingilia.

Akaniambia nisiwe na wasiwasi juu ya Habiba wake. Ameshachomwa. Saidy mwenyewe alimpakia kwenye pikipiki ya kukodi, wakamwambia mama wanakwenda Ikwiriri kuuza kuku, na kuku wakauza kweli. Alichomwa kwenye kliniki moja huko, mahali ambapo hakuna anayemjua.

Nilishukuru. Nilitaka kulia, lakini kulikuwa na watu.

"Walimuuliza jina," Bi Mwanajuma akasema. "Huko wanaandika kwenye kompyuta. Akasema anaitwa Marsela."

Nilidhani anatania. Habiba na mtandio wake, na lafudhi yake ile ya bondeni, anaitwa Marsela. Bi Mwanajuma akasema nesi wa huko alimtazama kidogo, kisha akaandika.

"Na namba ya simu?" nikauliza. "Waliomba?"

"Wakaomba."

"Akatoa ya nani?"

Alisimama, akajifunga khanga, akatafuta viatu vyake mlangoni kwa mguu.

"Yako," akasema. "Kasema siku ikifika watakuandikia weye, na weye utajua pa kupita."